Gitaa la umeme la bei nafuu: lipi linafaa muziki upi?

Anayetafuta gitaa lake la kwanza la umeme kwa kawaida huanza na jina la kampuni, kisha rangi. Kuna swali linalopaswa kutangulia yote hayo: muziki unaotaka kupiga unahitaji sauti safi kiasi gani, na distosheni, yaani ule mkwaruzo wa roki, kiasi gani? Jibu lake ndilo linalochagua pikapu. Pikapu nazo hukuonyesha umbo la gitaa, na ukishalijua umbo, kampuni zinazobaki mezani ni chache.

Magitaa yanayolinganishwa hapa ni ya ngazi mbili za chini za bei katika kampuni zinazofahamika: Squier, ambayo ni tawi la Fender, Epiphone, ambayo ni ya Gibson, kisha Yamaha, Ibanez na Jackson. Yapo mengine mazuri nje ya orodha hii, lakini haya hupatikana karibu kila panapouzwa magitaa, vipuri vyake ni vya vipimo vya kawaida, na ukitaka kuyauza baadaye wanunuzi wapo.

Pikapu: koili moja au mbili

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya huo na kwenda kwenye amplifaya. Tofauti kubwa ya sauti kati ya gitaa na gitaa huanzia hapo.

Pikapu ya koili moja ina sauti angavu yenye ncha. Ukipiga chodi ya noti sita, unazisikia zote sita. Udhaifu wake ni mvumo: koili ileile inayonasa uzi hunasa pia umeme wa nyumbani wa Hz 50 au 60, na chaja za simu au taa zenye kipunguza mwanga huzidisha. Ukipiga sauti safi mvumo huo hausumbui. Ukipandisha geini ya amplifaya, yaani kitasa kinacholeta mkwaruzo, kwa ajili ya roki nzito, kila unapoacha kupiga unasikia nyuki wamejaa chumbani.

Hambaka ni pikapu ya koili mbili zilizosukwa kwa mwelekeo tofauti, zenye sumaku zilizogeuziana ncha. Seth Lover aliibuni akiwa Gibson mwaka 1955. Mvumo unaoingia koili ya kwanza hufutwa na ule wa koili ya pili, wakati sauti ya uzi hujumlishwa. Matokeo yake ni sauti nene, yenye nguvu, yenye makali kidogo kuliko koili moja, na isiyovuma hata geini ikiwa juu. Ndiyo maana metali na roki nzito hupigwa kwa hambaka karibu siku zote.

Katikati yake ipo P-90, pikapu ya Gibson ya mwaka 1946. Ni koili moja, ila ni pana zaidi. Ina ukali wa koili moja na kifua cha hambaka, lakini mvumo inao. Ni tamu sana kwa panki na bluzi yenye mkwaruzo kidogo. Epiphone huiweka kwenye Les Paul Junior na Les Paul Special.

Katika maelezo ya bidhaa, herufi S ni koili moja na H ni hambaka. SSS ni koili moja tatu. HH ni hambaka mbili. HSS ni hambaka moja upande wa daraja na koili moja mbili upande wa shingo. Utasoma pia maneno seramiki na alniko. Hizo ni aina za sumaku. Seramiki ni ya bei ya chini na huwa na sauti ya nguvu na ukali. Alniko huwa na ulaini zaidi. Usiache gitaa lenye shingo nzuri kwa sababu ya sumaku. Pikapu hubadilishwa kwa saa moja na chuma cha kulehemu risasi, wakati shingo mbovu itakuandama miaka yote.

Urefu wa uzi, na kwa nini vidole hulalamika

Kipimo kisichotazamwa na wengi ni urefu wa uzi unaotikisika, kuanzia kidaraja cha kichwani hadi daraja la mwilini. Stratocaster na Telecaster, maumbo mawili ya Fender, ni mm 648. Les Paul na SG, ya Gibson, ni karibu mm 628. Mustang, dogo la Fender, ni mm 610.

Tofauti ya sentimita mbili inaonekana ndogo, ila mkazo wa uzi hupanda kwa mraba wa urefu. Nyuzi zilezile, zikiwa kwenye sauti zilezile, huwa ngumu kwa karibu asilimia 6 kwenye Stratocaster kuliko kwenye Les Paul. Mpiga solo wa bluzi anayevuta uzi kupandisha noti hulihisi hilo haraka sana. Ndiyo sababu watu wengi hufunga nyuzi za 9–42 (unene wa uzi mwembamba kabisa na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) kwenye gitaa la mm 648 na 10–46 kwenye la mm 628: mwishowe vidole vinakutana na ugumu unaokaribiana.

Kwa anayeshusha sauti chini, hesabu hugeuka. Ukishusha uzi wa sita, ulio mnene kuliko yote, kutoka E (Hz 82.4) hadi D (Hz 73.4), unapoteza karibu asilimia 20 ya mkazo. Ukiteremka hadi C, uzi mwembamba kwenye gitaa fupi hulegea kama kamba ya kuanikia nguo: noti inaanza juu kisha inashuka yenyewe, na distosheni inaanika kosa hilo hadharani. Metali ya sauti za chini inataka mm 648 na nyuzi nene, angalau 10–52.

Daraja: kadiri linavyokuwa rahisi ndivyo bora

Hapa tunasema wazi bila kuzunguka: kwenye gitaa la bei nafuu, daraja lisilotikisika ni chaguo salama zaidi. Mkono wa tremolo, ule unaotikisa daraja ili noti ipande na kushuka, unahitaji chuma kilichochongwa kwa usahihi, na usahihi ndicho kitu cha kwanza kupunguzwa bei inaposhushwa.

Tremolo ya kawaida ya mtindo wa Stratocaster bado inavumilika, kwa sababu unaweza kuizima. Fungua kifuniko cha nyuma, kaza skrubu mbili zinazoshikilia springi, na ukihitaji ongeza springi kutoka tatu hadi tano, mpaka daraja lilale kabisa juu ya ubao. Kuanzia hapo linafanya kazi kama daraja la kudumu.

Floyd Rose ya bei nafuu ni jambo jingine. Mfumo huo hufunga nyuzi kwa skrubu pande zote mbili, na daraja huelea likisawazishwa na springi za nyuma. Ukikaza uzi mmoja, mingine mitano inashuka. Kubadilisha nyuzi kunaweza kumchukua anayejifunza saa nzima, na kushuka kutoka E hadi D kunadai usawazishe springi upya. Kwenye nakala za bei ya chini, kingo mbili zinazoegemea nguzo ni za chuma laini. Zikishalika, daraja halirudi mahali pake na gitaa halikai kwenye sauti tena. Jackson JS32 na ndugu zake wengi huja na mfumo huu. Kama hujaamua kwa dhati kwamba muziki wako unahitaji kudidimiza noti hadi chini kabisa na kuirudisha, uache.

Sauti safi: Telecaster dhidi ya Stratocaster

Kwa rumba, soukous, fanki, rege, kantri, bluzi laini na nyimbo za ibada, mashindano huwa kati ya haya mawili. Yote yalitoka Fender: Telecaster ilipata jina hilo mwaka 1951, Stratocaster ilifuata mwaka 1954.

Telecaster ina pikapu mbili, swichi ya nafasi tatu, vitasa viwili na daraja la kudumu. Hakuna cha ziada cha kuharibika. Pikapu yake ya darajani ni kali kama kisu, ndiyo sauti ya kantri. Ukiishusha toni kidogo inakaa vizuri kwenye ridhim ya rege. Pikapu ya shingoni ni ya mviringo na laini kiasi cha kufaa hata jazi: Ed Bickert, mpiga jazi wa Kanada, alipiga Telecaster kwa miaka mingi, ingawa baadaye aliweka hambaka shingoni. Squier Affinity Telecaster ndiyo tungemshauri mtu asiyejua bado atapiga nini, mradi ana hakika kwamba si metali.

Stratocaster ina pikapu tatu na swichi ya nafasi tano, na utajiri wake upo kwenye nafasi ya 2 na ya 4, pikapu mbili jirani zinapofanya kazi pamoja. Hapo sauti inakuwa na uwazi fulani, kama ya kioo, ambao hambaka haiwezi kuutoa. Nile Rodgers, mpiga gitaa wa bendi ya Chic, amejenga ridhim zake za fanki juu ya Stratocaster moja kwa miongo kadhaa. Kwa solo ya soukous inayochezwa juu ya freti (vyuma vinavyokata shingo) ya 12, pikapu ya kati au nafasi ya 2, kompresa kidogo (kisawazisha nguvu ya sauti) na dilei fupi (mwangwi) hukufikisha karibu sana na sauti unayoijua. Mwili wake umechongwa mbavuni, kwa hiyo ukikaa nalo saa tatu hulichoki. Usumbufu wake ni tremolo, na dawa tumeshaitaja. Au tafuta Squier Sonic Stratocaster yenye herufi HT, ambayo daraja lake ni la kudumu tangu kiwandani.

Ukibanwa kuchagua kati ya haya mawili: mpiga ridhim achukue Telecaster, mpiga solo achukue Stratocaster. Bendi yenye magitaa ya solo, mi-solo (la kati ya hayo mawili) na ridhim hunufaika gitaa moja likiwa tofauti na mengine, la sivyo yote matatu hukanyagana kwenye masafa yaleyale na msikilizaji anapata ukungu.

Ngazi ya Classic Vibe ya Squier ina pikapu za alniko, na kazi ya mikono ni safi zaidi kuliko Affinity, hasa kwenye kingo za freti. Kama fedha inatosha, tofauti hiyo inalipa. Kama haitoshi, Affinity iliyorekebishwa vizuri hupigika kuliko Classic Vibe iliyotoka kwenye boksi bila kuguswa.

Unapiga kila kitu: Yamaha Pacifica

Mtu anayepiga kanisani asubuhi, bendi ya harusi jioni na roki chumbani usiku anahitaji HSS. Pacifica 112V ni jibu ambalo limesimama muda mrefu. Hambaka yake ya darajani inaweza kugawanywa iwe koili moja kwa kuvuta juu kitasa cha toni, na pikapu zote ni za alniko. Chini yake kuna 012, yenye mpangilio uleule wa HSS lakini bila kugawanya koili. Ni ya kuanzia, na inafanya kazi.

Udhaifu wa HSS ni kutolingana kwa nguvu. Ukihama kutoka pikapu ya kati kwenda hambaka, sauti huruka juu. Shusha hambaka kwa skrubu zake mbili, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, hadi tofauti ipungue. Usijaribu kutatua hilo kwa kuzipandisha koili moja karibu mno na nyuzi: sumaku zake huvuta uzi, na noti za juu za uzi wa sita huanza kusikika kama zina sauti mbili zinazogombana.

Roki nzito na bluzi nene: Les Paul dhidi ya SG

Yote mawili, katika toleo la kawaida, ni HH, mm 628, daraja la kudumu. Sauti zake zinakaribiana mno kiasi kwamba uamuzi wa kweli uko mwilini mwako.

Les Paul ni nene na nzito; kilo 4 si jambo la ajabu. Ukisimama nalo ibada nzima, bega litakuambia. Kisigino cha shingo ni kikubwa, hivyo kufika juu ya freti ya 17 kunataka kujipinda kwa mkono. Faida yake ni uzito wa sauti na utulivu: linakaa mkandani bila kuyumba.

SG, iliyoanza mwaka 1961, ni nyembamba na nyepesi, na mkono hufika hadi freti za mwisho bila kizuizi. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alijengea juu yake sauti ya metali ya mwanzo. Shida yake ni kichwa kuanguka: mwili ni mwepesi kuliko shingo, ukiachia mkono kichwa kinateremka sakafuni. Mkanda mpana wa ngozi isiyolainishwa, unaoshika nguo, hupunguza hilo sana. Mikanda ya nailoni inateleza, epuka.

Onyo linalohusu yote mawili: kichwa chake kimelala nyuma kwa pembe, na mbao pale nyuma ya kidaraja cha kichwani ni nyembamba. Gitaa likianguka kifudifudi au chali, hapo ndipo linapokatika. Ukinunua lililotumika, angalia sehemu hiyo kwa tochi kabla ya kitu kingine chochote. Mstari mwembamba kwenye rangi unaokata upana wa shingo ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo.

Epiphone za chini kabisa zilikuwa, na nyingine bado ziko, na shingo ya kufungwa kwa skrubu, wakati za juu zake zimegundishwa kwa gundi. Msidanganywe kwamba skrubu ni udhaifu. Magitaa ya umeme ya Fender karibu yote yamejengwa hivyo, na shingo ya skrubu hurekebishwa pembe yake kwa kipande chembamba cha mbao, jambo ambalo kwenye shingo ya gundi ni kazi ya fundi mkubwa.

Metali

Hapa Ibanez GRG131DX inashinda kwa urahisi wake: hambaka mbili, freti 24, mm 648, shingo nyembamba, na daraja la kudumu. GRG170DX inafanana nayo lakini ina tremolo na pikapu ya ziada katikati, vitu viwili ambavyo mpiga ridhim wa metali hatavihitaji. Jackson JS22 ni mpinzani wa kweli. Ubao wake wa vidole umepinda kidogo karibu na kichwa na kunyooka zaidi kuelekea mwilini, jambo linalosaidia chodi chini na solo juu. Inakuja na tremolo ya kawaida, kwa hiyo izime kwa njia tuliyoeleza.

Jazi na bluzi ya kifua: mwili wenye uwazi

Gitaa lenye uwazi nusu lina vyumba vitupu mbavuni na gogo la mbao katikati. Gibson ililileta mwaka 1958 kwa jina la ES-335, na jamii hiyo ndiyo B.B. King aliyojulikana nayo. Kwa bei nafuu kuna Epiphone Dot na Ibanez AS73. Sauti ina hewa, noti inafunguka polepole, na hata bila amplifaya unajisikia chumbani. Kwa jazi chagua pikapu ya shingoni, shusha toni hadi karibu 3 au 4, na funga nyuzi laini zisizo na mikwaruzo za 11 au 12, zenye uzi wa tatu uliozungushiwa waya.

Gogo la katikati ndilo linalozuia amplifaya kupiga yowe. Gitaa lenye uwazi mtupu, kama Ibanez AF75, lina sauti tamu zaidi ya jazi lakini kwenye jukwaa lenye ngoma litalia lenyewe mara tu volyumu inapopanda. Distosheni nzito kwa magitaa haya isahau.

Mikono midogo

Mtoto wa miaka tisa au mtu mzima mwenye vidole vifupi apewe Squier Sonic Mustang HH. Mm 610 hupunguza umbali kati ya freti na pia mkazo wa nyuzi, kwa takriban asilimia 11 ukilinganisha na Stratocaster. Na kwa kuwa ina hambaka, inacheza roki bila kuvuma.

| Gitaa | Pikapu | Urefu wa uzi | Daraja | Linang'ara | Linakwama |
|---|---|---|---|---|---|
| Squier Affinity Telecaster | SS | mm 648 | la kudumu | kantri, rege, ridhim ya rumba | metali |
| Squier Affinity Stratocaster | SSS | mm 648 | tremolo | fanki, soukous, bluzi | geini ya juu |
| Yamaha Pacifica 112V | HSS | mm 648 | tremolo | bendi ya mchanganyiko | jazi ya kina |
| Epiphone SG Standard | HH | mm 628 | la kudumu | roki nzito | kichwa kuanguka |
| Ibanez GRG131DX | HH | mm 648 | la kudumu | metali | ridhim kali ya fanki |
| Ibanez AS73 | HH | mm 628 | la kudumu | jazi, bluzi | distosheni nzito |
| Squier Sonic Mustang HH | HH | mm 610 | la kudumu | mikono midogo, roki | kushusha sauti chini |

Kinachoharibu gitaa la bei nafuu, na namna ya kukirekebisha

Viwanda vya sasa hukata mbao kwa mashine za kompyuta, kwa hiyo hata gitaa la chini huwa na vipimo sahihi. Kinachokosekana ni saa ya mwisho ya mkono wa fundi. Kazi hiyo unaweza kuifanya mwenyewe kwa kiasi kikubwa ukiwa na rula ya milimita, bisibisi, ufunguo wa pembe sita unaoingia kwenye gitaa lako, na programu ya kutyuni kwenye simu. Mpangilio wa hatua ni muhimu, kwa sababu kila moja huvuruga ile inayofuata.

Anza na nyuzi mpya. Zungusha mara mbili au tatu kwenye kikazio, mizunguko ikishuka chini, kisha vuta kila uzi kwa vidole na kutyuni tena, hadi usishuke. Gitaa nyingi zinazodaiwa kuwa na vikazio vibovu zina nyuzi zilizofungwa vibaya tu. Ukisikia mlio mkavu, “ting”, unapokaza, uzi unakwama kwenye mfereji wa kidaraja cha kichwani; paka unga wa penseli laini kwenye mfereji huo.

Kisha shingo. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya 1 na pale shingo inapokutana na mwili, uangalie nafasi juu ya freti ya 7. Iwe karibu mm 0.25, unene wa kadi ya biashara. Ikiwa kubwa, kaza fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo kwa kuizungusha kulia. Ikiwa hakuna nafasi kabisa, legeza kushoto. Robo mzunguko kwa wakati mmoja, tyuni, pima tena. Ikigoma kuzunguka, acha, mpe fundi. Fimbo iliyokatika ndani ndiyo mwisho wa shingo hiyo.

Sasa kimo cha nyuzi. Kwenye freti ya 12, mm 2 chini ya uzi wa sita na mm 1.5 chini ya uzi wa kwanza ni mahali pazuri pa kuanzia. Metali hupenda chini zaidi. Anayepiga kwa nguvu apandishe kidogo. Uzi ukigonga freti mahali pamoja tu huku kwingine kukiwa safi, kuna freti iliyoinuka. Weka kipande kifupi cha chuma kilichonyooka juu ya freti tatu jirani. Kikicheza kama pembea, umeipata. Freti moja iliyoinuka hurekebishwa. Ukizikuta kadhaa kwenye gitaa jipya, lirudishe.

Usahihi wa noti hufuata. Piga sauti ya kengele kwenye freti ya 12 kwa kugusa tu bila kubonyeza, kisha bonyeza freti hiyohiyo upige. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, sogeza kiti cha uzi huo (kipande cha darajani kinachoubeba) nyuma, mbali na shingo; ikiwa chini, kisogeze mbele. Lakini kama gitaa liko sawa freti ya 12 na chodi za freti za kwanza bado zinasikika zimepanda, tatizo ni kidaraja cha kichwani kilichoachwa juu. Bonyeza uzi kwenye freti ya 3, tazama juu ya freti ya 1: nafasi inatakiwa iwe ndogo kama unywele. Kuchonga mifereji hiyo kunataka tupa maalumu. Ukizidisha hata kidogo, uzi utakuwa unagonga, kwa hiyo mlipe fundi. Tungeyatumia malipo hayo kabla ya kununua pikapu mpya.

Mwisho, pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Freti zikikukwaruza, mbao imekauka na kusinyaa huku chuma kikibaki urefu wake. Tupa laini iliyolazwa kwa pembe hulimaliza hilo jioni moja, ukiwa umekinga rangi kwa utepe wa karatasi.

Upande wa umeme, gusa kila pikapu kwa bisibisi taratibu huku ukizungusha swichi. Kila nafasi itoe mlio wake kwenye amplifaya. Kitasa kinachokwaruza hudawiwa na dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme. Jeki, yaani tundu la kebo, ikilegea, ishike isizunguke unapokaza nati yake, la sivyo waya za ndani zitajisokota na kukatika. Na mvumo unaopungua ukishika nyuzi ni wa kawaida. Ukiongezeka, kagua waya wa ardhi wa gitaa. Ukihisi umeme unakuchoma, zima amplifaya papo hapo: hiyo ni hitilafu ya ardhi kwenye soketi au kwenye amplifaya yenyewe.

Acha fedha ya amplifaya

Gitaa la ngazi ya chini kwenye amplifaya nzuri husikika vizuri kuliko gitaa la ngazi ya juu kwenye amplifaya ya kifurushi. Tenga angalau theluthi ya fedha yote kwa amplifaya, kebo, mkanda na nyuzi za akiba. Kwa chumbani wati 5 hadi 20 zinatosha. Kwa anayepiga mitindo mingi, amplifaya za kidijitali zinazoiga aina mbalimbali, kama Boss Katana, hufaa. Katana 50 inaweza kushushwa hadi wati 0.5 na bado ikakupa mkwaruzo uliojaa bila kuwaamsha waliolala. Anayepiga sauti safi tu atafute spika ya inchi 10 au 12, kwa sababu spika ya inchi 6 haina besi ya kubeba chodi.

Kebo ya mita 3 inatosha nyumbani. Kebo ndefu hula masafa ya juu, na kwa gitaa la koili moja uangavu ulioulipia unaishia njiani. Unapokwenda kujaribu gitaa, omba liunganishwe kwenye amplifaya ya aina uliyonayo au unayokusudia kununua, piga sauti safi kwanza, halafu pandisha geini hadi kiwango unachotumia kwenye muziki wako, kisha nyamaza na usikilize mvumo.